Dala ya baba: tulivyoziba joto juu ya nyumba yetu Lubumbashi

Nyumba yetu iko Kampemba, komini ya Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, na juu yake hakuna mabati. Kuna dala, yaani paa tambarare la zege lenye unene wa sentimita 15 hivi, na juu ya kila nguzo vyuma vya ferabeto vilikuwa vimesimama wima, vimeshika kutu. Aliyekulia Lubumbashi anajua vyuma hivyo vinatangaza nini: etaje, yaani ghorofa, inakuja. Baba aliimwaga dala hiyo wakati bado ana kazi, akaacha vyuma vya kusubiri, kisha akatutoka kabla hata tofali moja la juu halijapandishwa. Tukabaki tunalala chini ya mpango wake, na mpango huo ulikuwa unatuunguza.

Nianze na joto lenyewe, maana mafundi wengi waliokuja kutuuzia dawa hawakujua linatoka wapi. Mji wetu uko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Watu wa nje wakisikia mwinuko huo wanadhani tuna baridi mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba ni kweli, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na kila mtu anatafuta sweta. Lakini karibu tarehe 23 au 24 Oktoba jua la saa sita mchana linapita juu ya utosi kabisa, mvua kubwa bado ziko njiani, na mawingu ni machache. Saa hiyo kuta zinapona. Anayepigwa ni paa. Bati lingepata moto haraka na kupoa haraka. Zege lina tabia nyingine. Linakusanya jua tangu asubuhi, na joto hilo huchukua saa nne au tano kufika upande wa chini. Kwa hiyo jioni, wakati upepo wa nje umeanza kuwa mtamu, ndani mnaingia kwenye tanuri. Kipimajoto kidogo tulichokitundika chumbani kwa mama kilikuwa kinasoma 34 saa mbili usiku. Mama akawa anatoa godoro kulala barazani, na mbu wakamlipa kwa malaria. Hapo ndipo mimi na mdogo wangu anayefanya kazi Kolwezi tulipokubaliana kwamba pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ya mwaka ule itapanda juu ya dala.

Dawa zilizopendekezwa zilikuwa nyingi. Ya bei ndogo ilikuwa chokaa. Siikatai. Dala iliyopakwa chokaa nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia, na kama huna pesa ya kitu kingine, fanya hivyo kesho. Tatizo ni vumbi letu jekundu. Ukipaka mwezi wa tano, kufika mwezi wa tisa rangi imekuwa ya udongo, nguvu imekwisha, na mvua za kwanza zinasafisha vumbi pamoja na chokaa chenyewe. Basi hesabu ya chokaa ni ya kila mwaka, na ipakwe Septemba mwishoni, siyo mapema.

Ya pili ilikuwa kubandika frigoliti, yale mabamba meupe mepesi ya povu la plastiki, kwa ndani, juu ya plafoni (dari). Hii ndiyo wanayoipenda maseremala, kwa sababu kazi inakwisha haraka, haina kupanda juu, na mteja anaona nyumba inang'aa. Kabla ya kukubali tulikwenda kuangalia kwa shemeji yetu aliyekuwa ameifanya. Mchana kweli kulikuwa na nafuu. Lakini alipotufungulia kipande cha plafoni tukakuta ukungu mweusi kwenye zege. Sababu si uchawi: frigoliti ikiwa chini, dala inabaki nje kwenye baridi ya Juni peke yake. Hewa ya ndani yenye mvuke wa sufuria na wa pumzi za watu inapita kwenye nafasi kati ya vipande, inakutana na zege la baridi, inageuka maji. Na kuna jambo lingine linalonitisha zaidi. Frigoliti inawaka, na moshi wake ni mweusi na wa sumu. Kuiweka wazi juu ya vichwa vya watoto, kwenye nyumba ambayo mbabula, jiko la makaa, huingizwa ndani siku za baridi na umeme unarudi kwa kishindo baada ya kukatika, hapana.

Ya tatu ilikuwa kufunga mabati juu ya dala, kwa mbao, na kuacha hewa ipite katikati. Nasema wazi: kwa nyumba nyingi za hapa hii ndiyo njia ningeishauri mimi mwenyewe. Mabati yanabeba jua, upepo unaondoa joto, na mvua haigusi zege tena. Kwetu ilikataliwa na mama. Alitaka dala ibaki dala, mahali pa kuanika mboga na nguo, na nadhani pia hakutaka majirani waone tumefunika etaje ya mume wake kwa bati.

Ikabaki njia ya nne: kuweka frigoliti juu ya zege, chini ya rufingi (zile karatasi nene za lami za kuzuia maji), ili jua lisimamishwe kabla halijaingia ndani ya dala. Sentimita 5 za frigoliti nzuri zinazuia joto sawa na zege la unene wa zaidi ya mita mbili. Nilipoisikia hesabu hiyo kwa injinia nilifikiri kazi itakuwa rahisi: tununue frigoliti, tuitandaze, tumalize. Yeye akacheka. Akaniambia tuzungumze kwanza juu ya maji.

Alikuwa na haki. Lubumbashi hupokea karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dala yetu ina mita za mraba mia moja hivi, maana yake lita 120,000 zinaanguka juu yake kila msimu na zote lazima zipate pa kwenda. Frigoliti kavu ni kinga. Frigoliti iliyolowa, iliyofungiwa kati ya zege na rufingi, ni mzigo tu: haizuii joto, maji hayana pa kutokea, na jua likipiga yanakuwa mvuke unaoinua rufingi mapovu mapovu hadi inapasuka. Kwa hiyo yeyote anayekuja kwako na bei ya frigoliti bila kuuliza maji ya dala yako yanaelekea wapi, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Tulianza Julai. Dala ilisafishwa: mchanga wa zamani, matofali, ndoo zilizopasuka, antena ya enzi nyingine. Kisha tukaziba matundu ya kutolea maji na kuijaza maji ya kisima, tukayaacha yatulie usiku mzima. Asubuhi masoni, fundi wetu mwashi, alizunguka na kipande cha makaa akichora mpaka wa kila dimbwi. Mimi nilikuwa chini nikiangalia madoa kwenye plafoni. Karibu kila doa lilikuwa kando ya nguzo. Maji yalikuwa hayapiti kwenye nyufa tulizozishuku. Yalikuwa yanashuka kufuata vyuma vya kusubiri. Chuma kikishika kutu kinavimba, kinapasua zege linalokizunguka, maji yanapata njia pana zaidi, kutu inaongezeka. Vyuma vya etaje ndivyo vilivyokuwa vinatuletea mvua ndani.

Kuvikata kulituchukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, na msumeno wala mashine havikuwa tatizo. Mama alisema, "Baba yenu alibakisha bile byuma juu ya etaje. Leo munakata, kesho mutaniambia nini?" Mdogo wangu kwa simu kutoka Kolwezi: "Yaya," yaani mkubwa wangu, "mukikata byuma, mumeuza etaje." Hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenzake kwamba etaje haikuwa inakuja. Kila mmoja alijua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mwishowe injinia, aliyekuwa si wa ukoo, ndiye aliyetufungua midomo. Alikuna chuma kimoja kwa bisibisi, maganda ya kutu yakaanguka, akatuonyesha kilivyokonda. Akasema hata kama kesho pesa ya etaje ingeanguka kutoka mbinguni, yeye asingekubali kujenga juu ya vyuma hivyo. Angevunja kichwa cha nguzo hadi akute chuma kizima, au angetoboa na kupanda chuma kipya kwa gundi maalumu ya zege. Njia zote mbili zingebaki wazi siku zijazo. Mama alinyamaza hadi jioni, kisha akasema wakate, ila vipande abakiziwe. Alimpa fundi wa madirisha, na grili ya jikoni imetoka humo.

Vilikatwa chini kidogo ya uso wa dala, mashimo yakazibwa kwa saruji kali. Mashine ya kukatia ilitaka umeme, na umeme wa mtaa wetu wakati ule ulikuwa wa usiku, kwa hiyo tulikodi jenereta. Gharama ya namna hiyo haiandikwi kwenye bei ya fundi. Iweke wewe mwenyewe.

Jambo moja ambalo halitakiwi kurukwa ni uzito. Kila sentimita ya saruji unayoongeza ni karibu kilo 20 kwa mita ya mraba. Mteremko wetu na tabaka la juu ya frigoliti, ukivijumlisha, vilikaribia kilo 200 kwa kila mita, juu ya dala ambayo yenyewe ina uzito wa kilo 375 hivi kwa mita. Yetu ilikuwa imepangiwa kubeba watu na kuta za juu, na injinia alipima nguzo na kutazama vyuma mahali pawili kabla ya kukubali. Dala iliyomwagwa iwe paa tu, bila hesabu, inaweza isivumilie. Hapo ndipo mabati yanashinda bila mjadala.

Kisha mteremko. Dala ya baba ilikuwa imelala sawa kabisa, na fundi aliyeimwaga alijivunia hilo. Paa tambarare halitakiwi liwe tambarare kweli. Tulitaka sentimita moja na nusu ya kushuka kwa kila mita, kuelekea upande wa bustani, na masoni aliipima kwa mpira mwembamba uliojaa maji, chombo ambacho hakidanganyi na hakitaki betri. Matundu mawili madogo ya zamani yakafanywa makubwa, na juu yake kidogo tukaacha tundu la dharura: siku majani ya mwembe yakiziba yale ya chini, maji yatokee pale badala ya kutafuta njia ya chumbani.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko mafundi wasikokupenda kwa sababu wanalipwa kwa kusonga mbele. Saruji hunyweshwa maji siku za kwanza ili isipasuke, halafu inaachwa ikauke kweli. Ukifunika saruji mbichi umefungia maji humo humo. Kipimo tulichotumia ni cha bure: kata kipande cha plastiki, kibandike pande zote kwa utepe juu ya saruji, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na umande upande wa chini, bado. Kwetu kililowa mara nyingi hadi masoni akaanza kunitania kwamba nafuga plastiki.

Frigoliti nayo ina ujanja wake. Ile ya kufungia televisheni na ile ya paa zinafanana kwa macho. Tofauti iko kwenye uzito: ya paa iwe na kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo. Hesabu yake ni rahisi. Bamba la mita moja kwa nusu mita, lenye unene wa sentimita 5, linatakiwa kuwa na nusu kilo. Nilibeba mzani mdogo wa kuning'iniza hadi dukani, na bamba la kwanza nililopewa lilikuwa robo kilo. Muuzaji hakufurahi. Bamba jepesi hivyo linabonyea chini ya kisigino, na likibonyea, kila kilicho juu yake kinapasuka. Nzuri tuliipata baadaye kwa bei kubwa zaidi. Mzigo ulikuwa umeingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mpaka ukisongamana bei ya kila kitu hapa inapanda pamoja nao.

Tuliweka tabaka la lami na plastiki nene juu ya mteremko ili mvuke wa ndani usipande, kisha frigoliti tabaka mbili za sentimita 3, viungo vya juu visikutane na vya chini. Agosti na Septemba hapa ni miezi ya upepo. Mabamba kadhaa yaliruka hadi kwa jirani, na watoto wake wakayafanya magari kabla hatujabisha hodi. Weka matofali juu ya kila bamba, na usifungue mengi kuliko unayoweza kufunika kabla ya jioni. Bashi (turubai) liwe tayari, hata kama mbingu ni safi.

Hapa nitaje kundi la kwanza la wapiga rufingi, ambalo tuliliaga. Walikuja na moto wa gesi wakitaka kuunguza rufingi moja kwa moja juu ya frigoliti. Frigoliti huanza kulegea kabla hata haijafikia joto la maji yanayochemka, na mwali wa gesi unaiyeyusha hata kabla haujaigusa, au unaiwasha. Walisema wamefanya hivyo nyumba nyingi. Sikubishana, nililipa nauli yao. Kundi la pili lilikubali njia ya injinia: sentimita 4 za saruji yenye waya wa wavu juu ya frigoliti, ikatwe miraba ili ipumue jua likiitanua, ikauke (plastiki yangu tena), ndipo rufingi iunguzwe juu ya saruji. Viungo vya rufingi vilipandiana sentimita 10 kwa pembeni, 15 kwenye ncha.

Jambo moja lilitushtua kati: tabaka zote hizo zilikuwa zimekula ukuta mfupi wa ukingoni. Rufingi lazima ipande ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa mwisho, na mahali pengine ukuta wetu ulikuwa umebaki na chini ya hapo. Ikabidi kuongeza mistari ya matofali kuzunguka nyumba yote. Pima ukuta huo siku ya kwanza, kabla hujanunua chochote.

Rufingi tuliyochagua ina uso wa alumini, unaorudisha jua. Tukajaza maji tena, tukayaacha siku mbili. Plafoni ilibaki kavu, na mama akaenda kupika bukari, ugali wetu.

Kuhusu pesa: kati ya kila dola mia tulizotumia, frigoliti haikufika ishirini na tano. Rufingi na lami zilikula karibu arobaini, na zilizobaki ni saruji, mchanga, jenereta, ukuta, na mikono ya watu. Lipa kwa hatua iliyokwisha na kukaguliwa, siyo kwa siku. Anayelipwa kwa siku hatakuacha ungoje saruji ikauke, atakuambia imekauka.

Oktoba iliyofuata, kipimajoto cha mama kilikuwa kinasoma 28, mara nyingine 29, saa mbili usiku. Si friji. Ukuta wa magharibi bado unapata jua la alasiri, na tusipofungua madirisha usiku joto la mchana linabaki ndani, maana sasa haliwezi kutokea juu. Mbabula imehamia nje kabisa. Lakini godoro la barazani limerudi chumbani, na Juni plafoni haitoki jasho tena.

Kilichopotea ni uwanja wa kuanika. Alumini inachubuka, kisigino cha kiatu kinaitoboa, na mwanga wake mchana unaumiza macho. Tulipanga vibamba vya zege vifanye njia nyembamba hadi kwenye kamba za nguo, basi. Mama ameshanieleza mara nyingi kwamba mboga zilizokaushwa kwenye kamba hazina ladha.

Sasa mdogo wangu anataka kuleta paneli za jua, kwa sababu umeme bado ni ule ule. Fundi wake alikuja na mashine ya kutobolea mkononi, akauliza boliti zipite wapi. Nikamwonyesha ngazi ya kushukia. Paneli zitakaa juu ya fremu iliyoegemea vitalu vizito vya zege, chini ya kila kitalu kipande cha rufingi cha ziada, na uzito wake injinia atauhesabu kwanza. Mdogo wangu anasema namna hiyo itachelewesha kazi hadi mwaka ujao. Na ichelewe.